Sita, Mbili

Ukuta wa wafu, huku Punta Arenas,
umejaa vyumba vidogo kama masanduku ya posta:
safu sita kwenda juu, na kwenda upande sikuwahi kuzimaliza.
Upepo wa huku hauna adabu. Maua mabichi huyabeba
kabla hujamaliza kupiga ishara ya msalaba,
ndiyo maana mama hununua ya plastiki
na kuyafunga kwa waya.

Mjomba Delfín alizikwa hatuna hela ya jiwe.
Simenti tupu, bila jina.
Karani akampa mama kikaratasi:
6, 2.
Mama, mzaliwa wa kisiwani, binti wa mjenzi wa nyumba za mbao,
akakisoma kama baba yake alivyojenga, kutoka chini kwenda juu.
Akapanda sita, akaenda upande mbili.

Miaka tisa aliazima ngazi ya mlinzi kila Jumapili,
magoti yakimlia kama bawaba,
mimi chini nimeikumbatia ngazi, macho nimefumba kwa vumbi,
yeye juu ananong'ona na simenti.

Kisha Mwalimu Kusanovic akachora mistari miwili ubaoni,
mmoja umelala, mmoja umesimama,
akagonga chaki pale ilipokutana: "Sifuri. Kila mtu anaanzia hapa,
awe tajiri, awe mimi."
Akayaita majira ya nukta,
nami nikafurahi kusikia kwamba hata nukta ina majira yake.
"Kwanza tembea, kisha panda.
Nani hupanda ngazi kabla hajafika ukutani?"
Akaandika (6, 2). Chini yake (2, 6).
"Jozi hizi ni kama jozi ya viatu.
Vyote viwili ni vyako, lakini hebu badilisha miguu."
Darasa likacheka.
Mimi niliangalia daftari, masikio yakiwaka moto.

Jumapili nilijitenga, nikaanzia kona ya lango.
Tembea: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Panda: moja, mbili.
Usawa wa kiuno changu.
Utando wa buibui, na hakuna alama ya waya.

Wiki tatu nilikaa nalo kooni.
Nilimwambia tukiosha vyombo, mgongo nimempa.
Akafunga bomba.
"Sasa yule wa juu ni nani?"

Karani alifungua daftari kubwa, akalamba kidole.
Mbili, sita: Hortensia Mansilla, mshonaji.
Penye nafasi ya ndugu, kistari.
Mama alicheka mpaka akashika meza.
"Nimemwambia kila kitu! Deni la duka. Baba yake huyu.
Hata kwamba utotoni sikumpenda Delfín,
nikamwomba msamaha, na nikahisi
amenisamehe."
Kisha hakucheka tena.

Jumanne lilikuja swali la mwisho:
unganisha nukta zile mbili kwa mstari, tafuta katikati yake.
Sita na mbili, nane, gawa kwa mbili.
Mbili na sita, nane, gawa kwa mbili.
(4, 4).
Nilimwonyesha mama, nikamwambia hii haikosewi:
utangulie kutembea, utangulie kupanda,
utafika palepale.
Akaifuta mikono kwenye aproni, akaitazama sana ile nukta,
mtu asiyependa hesabu.

Siku hizi tunanunua mafungu mawili.
Moja la Delfín, analifunga amesimama, anamgombeza kidogo
kwa kunyamaza miaka yote hiyo.
Jingine la bibi mshonaji, na ngazi, na magoti, na mimi chini.
Jumapili iliyopita hakuirudisha ngazi.
Aliiegemeza katikati ya ukuta, akapanda vipago vichache,
akagonga simenti kwa kidole kama anayebisha hodi.
Ikatoa sauti ya debe.
"Nne, nne," akasema, "iko tupu,"
akashuka taratibu, akaweka skafu sawa,
akaenda kumuuliza karani bei.